Unyanyasaji wa Kingono Vyuo Vikuu na Harakati za Wanafunzi Wanawake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kwa miaka kadhaa. Mengine yaliulizwa mkutanoni mbele ya watu, mengi yalinong'onwa koridoni, na moja liliandikwa kwenye kipande cha karatasi kikasukumwa chini ya mlango. Yaliyoulizwa kwa kebehi yameachwa yalivyo.

Unyanyasaji wa kingono chuoni ni nini hasa?

Ni tendo, neno, ujumbe au sharti lolote lenye sura ya ngono ambalo aliyefanyiwa hakulitaka, na linalomvurugia masomo, kazi au utulivu wake. Humo mna kubakwa na kushikwashikwa, lakini pia mna picha za uchi zinazotumwa usiku, mwili wako kujadiliwa mbele ya darasa huku watu wakicheka, na ile sentensi inayojulikana kila chuo: "Kazi yako njoo uichukue ofisini jioni, wenzako wakishaondoka."

Hapo ndipo mtu husema, "Alikuwa anatania tu." Utani una kanuni yake: unayenitania nami nakutania, na hakuna anayenuna. Jaribu kumrudishia mhadhiri utani kuhusu kitambi chake siku ya kukusanya kazi, uone kama ni utani.

Kwa nini chuo kizungumzwe peke yake? Wanawake si wanasumbuliwa kila mahali?

Wanasumbuliwa, ndiyo. Lakini mtaani anayekusumbua hana matokeo yako ya mtihani mfukoni. Chuoni anayekusumbua huenda ndiye anayesahihisha karatasi yako, anayesaini fomu ya tasnifu, anayeandika barua ya kukuombea ufadhili, na baadaye ndiye atakayepigiwa simu na mwajiri kuulizwa wewe ni mtu wa namna gani. Ukisapu (kurudia mtihani), ukikeri (kubeba somo hadi mwaka unaofuata), ukidisko (kuondolewa chuo kwa kufeli), mara nyingi yeye peke yake ndiye anayejua kwa nini.

Ukurasa huu wote unasimama juu ya jambo hilo. Unyanyasaji chuoni hukaa katika ile nafasi nyembamba kati ya mwanafunzi mmoja na mtu mmoja aliyeshika alama zake. Tamaa ipo kila mahali duniani. Nafasi hiyo imetengenezwa na kanuni za chuo, na kanuni zinaweza kutengenezwa upya.

Jina "unyanyasaji wa kingono" limetoka wapi? Si jambo la kuiga kutoka nje?

Tendo lilikuwepo kila mahali, jina lilichelewa. Mwaka 1974 Carmita Wood, mama aliyefanya kazi za ofisi katika Chuo Kikuu cha Cornell huko Ithaca, Marekani, aliacha kazi kwa sababu mwanasayansi mmoja wa hapo hakumpa amani. Alipodai mafao ya kukosa kazi alinyimwa. Ilihesabiwa kwamba ameacha kwa sababu zake binafsi. Hebu fikiri: mwanamke ameumia kiasi cha kuacha mshahara, na lugha nzima haina neno la kuandika kwenye fomu ila "binafsi."

Wakati huohuo Lin Farley alikuwa akifundisha hapo Cornell somo kuhusu wanawake na kazi. Yeye na wenzake walipokaa na wanafunzi wakasimuliana kazi walizowahi kufanya, waligundua karibu kila mmoja ana kisa kama cha Wood. Wakatafuta jina moja la kuyabeba yote. Mei 1975 wanawake wa mji ule walikutana hadharani kusema yaliyowapata, na jina hilo, kwa Kiingereza "sexual harassment", likaanza safari yake. Kwa hiyo jina lenyewe lilizaliwa chuoni, wanawake wakiwa wamekaa kikao, kila mmoja akidhani yaliyompata ni yake peke yake.

Na chuo kilianza lini kuwajibishwa?

Kesi inayokumbukwa zaidi ni ya Yale, iliyofunguliwa mwaka 1977 na wanafunzi kadhaa. Mmoja wao, Pamela Price, alidai kwamba mhadhiri alimwahidi alama ya A kwa ngono, akakataa, akapewa C. Walitumia sheria ya Marekani ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa jinsia katika elimu, wakisema kwamba mwanafunzi anayewekewa sharti la mwili ili apate haki yake ya masomo anabaguliwa. Hawakuomba fidia ya fedha. Waliomba chuo kiweke utaratibu wa kupokea malalamiko.

Kesi waliishindwa, na rufaa ya 1980 nayo ikatupwa. Lakini hoja yao ilikubalika kisheria, na Yale ikaweka utaratibu ule waliouomba. Vyuo vingine vikafuata, vingi kwa hofu kuliko kwa huruma. Hofu nayo si mbaya ikifanya kazi.

Rushwa ya ngono ni kitu kilekile?

Ni sehemu yake. Rushwa ya ngono ni pale mwenye mamlaka anapodai ngono ili atoe kitu ambacho ni wajibu wake kukitoa, au ambacho hana haki ya kukiuza: alama, nafasi ya hosteli, saini, ajira. Tanzania iliiweka katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25. Kenya, katika Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 23, inamgusa mtu mwenye mamlaka anayeendelea kumtaka kingono mtu asiyemtaka.

Neno "rushwa" lina faida na lina hasara. Faida yake ni kwamba linaondoa suala hili katika mambo ya "mapenzi yao wawili" na kuliweka katika mambo ya ofisi kutumiwa vibaya. Hasara yake ni kwamba rushwa tunayoizoea ina mtoaji na mpokeaji, na wote wana hatia. Ndiyo maana utasikia mtu akisema kwa kujiamini, "Binti naye alitoa." Anayeporwa simu kwa kisu shingoni naye alitoa simu.

Angalia pia hilo neno "anayeendelea." Linataka usumbufu uwe umerudiwa, wakati mwanafunzi huenda akakutana na sharti mara moja tu, wiki moja kabla ya kutetea tasnifu, na mara hiyo moja ikatosha kumwangusha. Ndiyo sababu kanuni za chuo zinapaswa kwenda mbali kuliko sheria ya nchi. Kosa la kinidhamu halihitaji kufikia kipimo cha jela.

Aliyekubali ana haki ya kulalamika?

Ndiyo. Kukubali kwa kuogopa kudisko si ridhaa.

Je, wapenzi wawili watu wazima, mmoja mhadhiri mwingine mwanafunzi, wamekosa nini?

Hili nalijibu kwa tahadhari, maana hata ndani ya harakati hatukubaliani. Wapo wanaosema mwanamke wa miaka 24 asipangiwe ampende nani, na wana hoja. Mimi naegemea upande wa wanaotaka marufuku pale ambapo mmoja anamfundisha, anamsahihisha au anamsimamia mwenzake. Harvard, katika kitivo chake kikubwa cha sanaa na sayansi, iliweka mwaka 2015 marufuku ya mahusiano ya kingono kati ya wahadhiri na wanafunzi wa shahada ya kwanza.

Sababu yangu ni ya kawaida kabisa. Mapenzi huvunjika. Yakivunjika, mmoja anabaki na kalamu nyekundu. Na wanafunzi wengine darasani, ambao hawakuwahi kumpenda mtu, hubaki wakijiuliza ile A imetoka wapi.

Kwa nini mnaliita suala la kifeministi? Si suala la nidhamu tu?

Ukiliita la nidhamu tu, utamfukuza mtu mmoja na kumwajiri mwingine, na ofisi ikabaki na mlango uleule. Mtazamo wa kifeministi huuliza mbona wanaodai ngono wengi ni wanaume wenye cheo na wanaodaiwa wengi ni wanawake wasio na cheo, na mbona kila kamati ya kuchunguza imejaa marafiki wa mtuhumiwa. Huuliza pia kwa nini suluhisho la kwanza la uongozi huwa ni kumfungia mwanamke ndani: mageti ya hosteli za wasichana yafungwe mapema, wavae hivi, wasitembee pale. Mwaka 2015 wanafunzi wa kike wa Delhi, India, walianzisha harakati waliyoiita Pinjra Tod, yaani "vunja kizimba", kupinga saa za kufungiwa hosteli ambazo hazikuwahusu wavulana.

Na wanafunzi wa kiume wanaonyanyaswa?

Wapo, na wengi hawasemi kwa sababu wanaogopa kuchekwa. Sera inayoandikwa kwa maneno "mwanafunzi" na "mtumishi", bila kudhani nani ni nani, inawalinda. Vivyo hivyo usisahau kwamba mnyanyasaji si lazima awe mhadhiri. Anaweza kuwa mwanafunzi mwenzako, kiongozi wa serikali ya wanafunzi, mlinzi wa geti, au msimamizi wa mafunzo kwa vitendo nje ya chuo. Huyu wa mwisho husahaulika mno. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019, unawataja wazi watu walio kwenye mafunzo, hivyo, katika nchi iliyouridhia, taasisi inayokupokea haiwezi kusema wewe si mfanyakazi wao na mambo yako hayawahusu.

Mavazi je?

Tafadhali.

Wanafunzi wamewahi kushinda kweli, au ni kelele tu?

Wameshinda, wameshindwa, na mara nyingi vyote viwili kwa pamoja.

Chile ni mfano wenye mafunzo mengi. Aprili 2018 wanafunzi wa Universidad Austral, mjini Valdivia, walikalia majengo ya chuo wakipinga jinsi malalamiko ya unyanyasaji yalivyokuwa yakishughulikiwa. Siku chache baadaye wenzao wa kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Chile, Santiago, wakafanya vivyo hivyo. Ifikapo Mei, vyuo vingi nchi nzima vilikuwa vimekaliwa, na mitaa imejaa wanawake. Hawakudai mtu mmoja afukuzwe. Walidai taratibu za kushughulikia malalamiko, mafunzo kwa watumishi na mitaala isiyowadharau wanawake. Ilichukua miaka mitatu, lakini Septemba 2021 nchi hiyo ikatoa sheria namba 21.369 inayolazimisha kila taasisi ya elimu ya juu kuwa na sera ya kuzuia na kuadhibu unyanyasaji, na isiyo nayo haipewi ithibati, yaani cheti cha kutambuliwa ubora wake. Hapo kwenye ithibati ndipo penye meno. Mkuu wa chuo anaweza kupuuza bango, lakini karatasi ya ithibati haipuuzi.

Afrika Kusini hali ilikuwa chungu zaidi. Aprili 2016, Chuo Kikuu cha Rhodes, orodha ya majina 11 ya wanaume waliodaiwa kuwa wanyanyasaji wa kingono ilitokea mtandaoni, na maandamano makubwa ya wanafunzi wanawake yakafuata. Chuo kilikwenda mahakamani kuomba zuio, na polisi waliingia. Mwaka 2017 wanafunzi wawili wanawake walifukuzwa chuoni maisha. Mmoja alipambana kortini hadi Mahakama ya Juu ya Rufaa, ambayo mwaka 2022 ilifuta uamuzi wa kumfukuza. Alishinda, ndiyo, baada ya zaidi ya miaka minne ambayo hakuna mahakama inayoweza kumrudishia. Anayekualika kwenye harakati bila kukusimulia habari kama hizi anakudanganya.

Dar es Salaam nako kuna historia yake, na wanafunzi wa leo wengi hawaijui. Kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na kitu kilichoitwa Punch: karatasi zisizo na jina la mwandishi zilizobandikwa ukutani, zikiwachora na kuwatukana watu, hasa wanafunzi wa kike waliowakataa wanaume. Februari 1990 mwanafunzi Levina Mukasa alijiua baada ya kuandamwa na watu wa Punch. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987 tu, kililibeba suala lile na kukataa lizikwe kama msiba wa familia moja. Lile lililokuwa likiitwa utani wa wanafunzi likaanza kuitwa kwa jina lake.

Mnaonaje kuhusu kuanika majina ya wanyanyasaji?

Swali hili ndilo linalogombanisha marafiki.

Mwaka huohuo wa 1990, upande wa pili wa bahari, kuta nyingine zilikuwa zikiandikwa. Katika Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, wanafunzi wanawake waliandika vyooni, kwenye maktaba, majina ya wanaume waliowashambulia, ili wenzao wajihadhari. Yalipofutwa, yaliandikwa tena. Oktoba 2017 orodha ya wasomi wa Kihindi waliotuhumiwa unyanyasaji ilisambaa mtandaoni, na wanafeministi wa India waligawanyika vibaya. Baadhi ya wakongwe waliomba iondolewe kwa sababu haikueleza tuhuma wala kumpa mtu nafasi ya kujibu. Vijana wakawajibu kwamba hizo kamati mnazotutuma tumeshazijaribu.

Niliwahi kuwa upande wa orodha kwa moyo wote. Leo msimamo wangu umepungua makali. Orodha huandikwa pale ambapo fomu ya malalamiko imeshindwa, na uongozi unaokasirikia orodha ungeanza kwa kuuliza fomu zake zinakwenda wapi. Hata hivyo orodha ni silaha isiyo na mpini: inamkata anayeishika. Mwandishi anaweza kushtakiwa kwa kashfa. Waliosimulia wanaweza kutambulika, maana kwenye idara ndogo kila mtu anajua nani alikuwa akisimamiwa na nani. Na jina likiwekwa kimakosa hakuna wa kulitoa. Kama kikundi chenu kinafikiria njia hiyo, ongeeni na mwanasheria kabla, si baada. Na kamwe, kamwe msiweke kisa cha mtu ambaye hajaridhia mwenyewe kwa maneno yake.

Nimenyanyaswa. Nianzie wapi?

Kama umebakwa au kuingiliwa kwa nguvu, afya kwanza. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutumika ndani ya siku 5, mapema ni bora. Ukiweza, usioge wala usifue nguo kabla ya kupimwa. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Ukiwa umeshaoga, nenda vilevile. Kutibiwa hakukulazimishi kufungua kesi siku hiyo.

Kama ni usumbufu wa maneno, ujumbe, mialiko au vitisho vya alama, anza kuandika. Daftari moja, au barua pepe unayojitumia mwenyewe ili iwe na tarehe: siku gani, saa ngapi, wapi, alisema nini kwa maneno yake, ulijibu nini, nani alikuwa karibu. Andika leo, hata kama huna mpango wa kulalamika. Wengi huamua baada ya miezi, na wakati huo kumbukumbu imeshachakaa. Meseji usizifute hata zikikuchefua. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba na tarehe, kisha zihifadhi mahali pengine nje ya simu yako.

Mwambie mtu mmoja unayemwamini. Ushahidi wa "aliniambia siku ileile akiwa analia" una uzito kuliko watu wanavyodhani.

Hukulazimika kumkabili uso kwa uso ukimwambia aache. Wengine wameweza. Wengine walicheka kwa woga, wakatoka, wakafunga mlango taratibu. Kucheka kwa woga hakukuharibii kesi.

Naweza kumrekodi kwa siri?

Sheria hutofautiana nchi hadi nchi, kwa hiyo uliza kituo cha msaada wa kisheria kabla. Ninachoweza kusema ni kwamba rekodi zimewahi kufanya kazi. Mwaka 2018, nchini Nigeria, mwanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha Obafemi Awolowo alirekodi simu ambayo profesa alimdai ngono ili amrekebishie alama; profesa alifukuzwa kazi na kufungwa jela. Mwaka uliofuata waandishi wa BBC waliingia na kamera za siri katika vyuo vya Lagos na Ghana, na Julai 2020 Seneti ya Nigeria ikapitisha mswada uliopendekeza kifungo cha hadi miaka 14. Lakini rekodi iliyofanikiwa kisheria ni jambo moja; rekodi iliyovuja mtandaoni kabla ya kufika kwa mwanasheria ni jambo jingine, na inaweza kuwa balaa kwa aliyerekodi.

Nikilalamika akanifelisha?

Hofu hii ndiyo inayowanyamazisha wengi, na kuiambia "usiogope" ni kumkosea mtu heshima. Kiombe chuo mambo haya kwa maandishi, ukiwa na barua ya malalamiko au hata kabla yake: karatasi yako isahihishwe na mtu wa pili asiyemjua mwenye karatasi, ubadilishiwe msimamizi bila kulazimika kueleza sababu idarani, mtahini wa nje apitie matokeo ya somo hilo. Vyuo vingi vinavyo vifungu vya namna hii kwenye kanuni za mitihani. Vimekaa tu, kwa sababu hakuna aliyevisoma. Kikundi kizuri cha wanafunzi huwa na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kusoma kanuni za mitihani ukurasa kwa ukurasa. Haivutii kama kushika kipaza sauti, na hakuna anayempiga picha, lakini ndiye aliyeokoa shahada nyingi kuliko sisi wengine.

Na kama ni uongo? Mtu si anaweza kumsingizia mhadhiri anayemchukia?

Anaweza, kama anavyoweza kumsingizia mtu wizi, na hatujafuta sheria ya wizi kwa sababu hiyo. Dawa ya uongo ni uchunguzi: pande zote zisikilizwe, ushahidi upimwe, siri itunzwe mpaka mwisho. Sisi ndio tunaoudai kila siku. Hesabu pia gharama za anayelalamika. Ataitwa malaya, ataulizwa maswali ya chumbani mbele ya wazee watano, atasimamisha masomo. Ni kisasi cha ajabu kinachomgharimu mwenye kisasi kuliko adui yake.

Chuo chetu kinasema hakijapokea malalamiko hata moja. Si jambo jema?

Ni dalili mbaya. Chuo chenye wanafunzi maelfu na malalamiko sifuri kina mlango ambao hakuna anayethubutu kuugonga. Chuo kinachofanya kazi vizuri huanza kwa idadi kupanda, kwa sababu watu wameanza kuamini. Waombeni wachapishe kila mwaka, bila majina: malalamiko mangapi yameingia, mangapi yamekamilika, yalichukua siku ngapi, na adhabu zilikuwa zipi. Mara nyingi mtajibiwa kwamba ni siri. Idadi haiwezi kuwa siri ya mtu.

Sera nzuri ina nini?

Chuo kingi kina sera tayari, imechapwa vizuri, ina picha ya mkuu wa chuo akitabasamu. Soma vitu vinne.

Kwanza, nani anakaa kwenye kamati. Chuo Kikuu cha Jawaharlal Nehru, Delhi, kiliunda mwaka 1999 kamati iliyokuwa na wajumbe wa kuchaguliwa, wakiwemo wanafunzi. Mwaka 2017 uongozi uliivunja na kuweka nyingine, na wanafunzi walipiga kelele kwa sababu walielewa vizuri tofauti ya mjumbe aliyechaguliwa na mjumbe aliyeteuliwa na bosi wa mtuhumiwa. Pili, muda: sera isiyosema siku ngapi itasema miaka. Tatu, ulinzi wakati uchunguzi unaendelea, na anayepaswa kuhamishwa darasa au ofisi ni mtuhumiwa, kwa muda, bila kuhesabiwa hatia. Nne, ukurasa wa mwisho, penye adhabu. Ukikuta "atapewa onyo la mdomo" peke yake, ujue sera hiyo iliandikwa kwa ajili ya wafadhili.

Mkihitaji kitu cha kushikilia mbele ya uongozi, nchi nyingi za Afrika zimeridhia Itifaki ya Maputo ya 2003, ile ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wanawake. Ibara ya 12 inazitaka nchi kuwalinda wanawake na wasichana dhidi ya unyanyasaji, ukiwemo wa kingono, mashuleni na katika taasisi nyingine za elimu, na kuwaadhibu wahusika. Sentensi hiyo moja tumewahi kuiandika kwenye bango, herufi kubwa, tukaibandika nje ya ukumbi wa baraza la chuo. Haikung'olewa hadi jioni.

Tunataka kuanzisha kikundi. Tufanyeje?

Watano wanatosha. Msianze na maandamano. Anzeni kwa kusikiliza. Kaeni na wanafunzi wa hosteli moja, idara moja, muulize ni ofisi gani ambayo wasichana huambiana wasiingie peke yao. Kila chuo kina ofisi hiyo, na kila mwaka wa tatu humwonya mwaka wa kwanza. Jambo la mwanzo dogo mnaloweza kulidai na kulipata ni hilo: vikao vya usimamizi vifanyike mlango ukiwa wazi au ukiwa na kioo, na mwanafunzi aruhusiwe kuingia na mwenzake.

Msiwe kikundi cha ushauri nasaha kama hamjasomea. Mtu akija na kisa kizito, jueni mapema mtamsindikiza wapi. Muwe zamu, wawili wawili, kwa sababu kusikiliza visa hivi kila siku kunachosha roho, nimeona wenzangu waliosikiliza mpaka wakaacha kulala. Msimweke mtu mmoja awe sura ya harakati, kwani uongozi utaanza na huyo. Na wanaume wakitaka kujiunga, wapokeeni, wapeni viti vya kupanga na kazi ya kuongea na wanaume wenzao, ambayo sisi hatuiwezi na wao huikwepa.

Sisi tunahitimu Novemba. Nini kitabaki?

Uongozi wa chuo unalijua hilo kuliko ninyi. Mkuu wa idara ana miaka 20 ya ajira mbele yake. Ninyi mna mitatu au minne, na wa mwisho mnaandika tasnifu. Mara nyingi hawakatai madai yenu. Huunda kamati, huomba muda, na kusubiri hadi ninyi mhitimu.

Kwa hiyo wekeni kumbukumbu kana kwamba mnaondoka kesho. Mihutasari ya vikao na uongozi, barua zenye muhuri wa kupokelewa, ahadi zilizotolewa na tarehe zake, namba za mawakili waliowahi kusaidia. Visa vya watu msiviweke humo. Hivyo ni vyao. Kila mwaka wa pili apokee faili kutoka kwa mwaka wa tatu, wakae nalo siku nzima, walipitie karatasi kwa karatasi. Faili letu lilikuwa na barua ya uongozi iliyoahidi kamati mpya "ndani ya siku tisini." Tulipoikabidhi ilikuwa na siku mia nne na kumi. Waliotupokea waliipiga chapa, wakaikuza, wakaenda nayo kwenye kikao cha kwanza cha mwaka wakaiweka mezani bila kusema neno.